Tasi, Tafi, Chafi: Niliyofunzwa na Wahariri Wenzangu wa Wikipedia

Badiliko langu la kwanza katika Wikipedia ya Kiswahili halikudumu hata siku mbili. Nilikuwa nimefungua makala kuhusu Tanga, mji niliozaliwa na kusomea, nikaona kwamba habari zilizomo ni chache kuliko nilivyodhani mji wetu unastahili. Nikabonyeza neno "hariri", nikaongeza aya nzima iliyosema kwamba Tanga ni mji mzuri, mtulivu, wenye watu wakarimu na wastaarabu kuliko miji mingine ya pwani. Niliporudi kesho yake jioni, aya ile haikuwapo. Katika ukurasa wangu wa majadiliano, ambao sikujua hata kwamba ninao, palikuwa na ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemfahamu. Aliandika: "Ndugu, karibu sana. Nimeziondoa sifa za mji kwa sababu msomaji aliye Bukoba au Lamu hana njia ya kuzihakiki. Lakini inaonekana unaijua Tanga. Tafadhali tuandikie jambo ambalo tunaweza kumwonyesha kwamba ni kweli."

Nilikasirika kwa muda mfupi, kisha nikausoma tena ujumbe ule polepole. Mimi ni mhasibu. Kazini kwangu hakuna shilingi inayotoka bila hati, na mara nyingi nimemrudishia mtu madai yake ya nauli kwa sababu hakuambatisha risiti, hata pale nilipojua wazi kwamba alisafiri. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba sentensi nayo inaweza kudaiwa risiti. Mtu yule, ambaye hadi leo namjua kwa jina lake la mtumiaji tu, ndiye aliyenifundisha hivyo, na alinifundisha bila kuniaibisha.

Ninahariri kwa miaka kadhaa sasa, usiku baada ya kazi na Jumapili mchana, na watu wa karibu nami huniuliza ninapata nini, kwa kuwa hakuna mshahara wala jina langu halionekani juu ya makala. Wikipedia ilianza Januari 2001 kwa Kiingereza, ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003, na makumi ya maelfu ya makala zilizomo yametokana na watu wanaojitolea kama mimi. Jibu ninalowapa ni kwamba nimesomeshwa. Nimepata walimu ambao nisingewapata mahali pengine popote, na nataka kueleza walichonifunza, kwa sababu wasomaji wengi huiona makala peke yake na hawayaoni mazungumzo yaliyoizaa.

Baada ya ujumbe ule wa kwanza nilitafuta jambo ambalo msomaji wa Bukoba angeweza kuonyeshwa. Nilichagua mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, kwa sababu watoto wa rika langu mtaani kwetu wote walisimuliwa habari za nyuki. Bibi yangu alikuwa akituambia kwamba Waingereza walipokuja kuuteka mji, nyuki walitoka mizingani na kuwafukuza mpaka baharini, na kwamba bila nyuki mji ungetekwa siku ileile. Niliandika kama alivyosema: Waingereza walishindwa kwa sababu ya nyuki, na Wajerumani wakabaki na mji.

Safari hii maandishi yangu hayakufutwa. Mhariri mwingine, aliyekuwa akishughulika zaidi na makala za historia, aliweka mwishoni mwa sentensi yangu alama ndogo ya kuonyesha kwamba chanzo kinahitajika, kisha akaniuliza maswali matatu kwenye ukurasa wa majadiliano ya makala. Je, nyuki waliuma upande mmoja tu, au pande zote mbili? Walioshambulia walikuwa wangapi, na waliolinda mji walikuwa wangapi? Na hao uliowaita Wajerumani, walikuwa Wajerumani kweli?

Maswali hayo yalinipeleka Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed jijini Dar es Salaam, Jumamosi mbili mfululizo. Nilichokikuta huko kilikuwa kizito kuliko hadithi niliyokuwa nayo. Jeshi lililoletwa kwa meli kutoka India lilikuwa na watu wapatao 8,000. Waliolinda mji chini ya kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 tu. Tarehe 2 Novemba meli ya kivita ya Uingereza, HMS Fox, ilitangulia kuingia bandarini ili kutoa taarifa kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamefikia mwisho, na taarifa hiyo ikawapa walinzi nafasi ya kuleta askari zaidi kwa reli ya Usambara kutoka Moshi. Washambuliaji hawakupeleleza vya kutosha, wakaingia kwenye vichaka na mashamba wasiyoyajua, wakapotezana. Nyuki walikuwapo, hilo halina ubishi, lakini waliwavamia wanajeshi wa pande zote mbili. Tarehe 5 Novemba waliosalia wa jeshi la kutoka India walikuwa wakirudi melini.

Swali la tatu ndilo lililonikaa moyoni zaidi. Wengi wa wale 1,000 walikuwa askari Waafrika. Mimi, mtoto wa Tanga, nilikuwa nimeandika sentensi iliyowafuta watu wa bara hili katika mapigano yaliyopiganwa mjini kwetu, na nisingeligundua hilo kama mtu mwingine asingeniuliza swali la maneno machache. Yeye hakuandika kwamba nimekosea. Aliniuliza, akaniacha nitafute, na niliporudi na majibu yaliyo na vitabu na kurasa, alinisaidia kuyapanga katika tanbihi kwa namna inayotakiwa, kwa sababu vigezo vya tanbihi na mabano yake vilikuwa bado vinanishinda.

Nilimwuliza pia nifanye nini na hadithi ya bibi. Jibu lake nimelinakili katika daftari langu: "Usiitupe. Hiyo nayo ni historia, ila ni historia ya jinsi watu wa Tanga wanavyoyakumbuka mapigano. Mtu aiandike, aichapishe mahali panapoaminika, nasi tutainukuu." Bibi alikuwa ameshafariki. Shangazi yangu yupo, na nilikwenda kumrekodi kwa simu, saa moja na nusu, akisimulia habari za nyuki na mambo mengine mengi ambayo sikuwahi kumwuliza. Sijapata bado pa kuyachapisha. Wikipedia si mahali pa kutolea utafiti mpya, na ingawa mwanzoni kanuni hiyo niliiona kama mlango uliofungwa kwa ajili ya watu ambao elimu yao iko vinywani, sasa naona kwamba inatuonyesha kazi iliyo mbele yetu: kuna vitabu vingi ambavyo inapasa viandikwe kwanza na watu wetu, ndipo kamusi elezo iwe na cha kunukuu.

Hapa niseme kidogo kuhusu kichupo kinachoitwa historia, ambacho msomaji wa kawaida hakibonyezi. Kila makala ina orodha ya mabadiliko yake yote tangu siku ya kwanza: nani alibadilisha, saa ngapi, na kwa muhtasari gani. Kwa mtu anayejifunza kuandika, orodha hiyo ina thamani kubwa. Nilizoea kuzifungua makala ambazo niliona zimeandikwa vizuri na kuzirudia nyuma hatua kwa hatua, nikitazama jinsi sentensi ndefu ilivyokatwa, jinsi neno "hivi karibuni" lilivyobadilishwa kuwa mwaka kamili, jinsi mtu alivyoondoa neno "maarufu" na mahali pake akataja jambo lililomfanya mhusika awe maarufu. Hakuna darasa la uandishi nililopata kuhudhuria ambapo mwalimu aliniachia rasimu zake zote nizione. Wenzangu hawa wameziacha wazi kwa yeyote.

Lakini funzo kubwa kwangu lilitokana na samaki.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa Kigombe, kusini mwa mji wa Tanga. Ulimwengu umelijua eneo hilo kwa sababu ya silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa kutoweka mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa mara kwa mara, hata ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Habari zake zimeandikwa kwa lugha nyingi. Samaki aliyetulea sisi, aliyelipa ada zetu za shule, ni tasi, na niliona kwamba anastahili makala nzuri ya Kiswahili iliyoandikwa na mtu aliyemla, aliyewahi kumsafisha, na aliyewahi kuchomwa na miiba yake.

Niliandika kwa furaha kubwa. Nilieleza kwamba tasi hula mwani na majani ya bahari, kwamba miiba yake ina sumu inayouma vibaya, kwamba baba alikuwa akimtega kwa madema yaliyowekwa chambo cha mwani, na kwamba maji ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, hayatoi samaki sawasawa. Nilihifadhi makala usiku wa Jumapili. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuingia ofisini, nilifungua simu nikakuta kwamba mhariri wa Mombasa amebadilisha jina la makala kuwa "Tafi", na "madema" yamekuwa "malema". Nikayarudisha. Mchana yalikuwa yamebadilishwa tena. Nikayarudisha tena, safari hii nikaandika katika muhtasari kwamba mimi ni binti wa mvuvi na ninajua jina la samaki huyu.

Ikawa zamu ya mkabidhi, yaani mmoja wa wahariri waliokabidhiwa na jumuiya uwezo wa kufunga kurasa na kuzifuta, kuingilia kati. Hakuamua nani ana haki. Aliifunga makala kwa siku chache na kutuomba twende ukurasa wa majadiliano, na kila mmoja aeleze si jina analolijua, bali wapi jina hilo linatumika na imeandikwa wapi kwamba linatumika.

Niliingia kwenye majadiliano yale nikiwa nimejiandaa kushinda. Mhariri wa Mombasa aliingia akiwa amejiandaa kueleza. Aliandika kwa utaratibu kwamba katika pwani ya Kenya samaki huyu ni tafi, Unguja wengi humwita chafi, na sehemu nyingi za Tanzania bara ni tasi. Kwamba chafi na tafi ni neno moja lililopita katika lahaja mbili, kwa sababu ch ya Kiunguja mara nyingi huwa t katika Kimvita, ndiyo maana macho ni mato na kucheka ni kuteka. Na kwamba hata mtego una tofauti kama hiyo, dema huku na lema kule. "Kaka," aliongeza, kwa kuwa jina langu la mtumiaji halionyeshi kama mimi ni mwanamke au mwanamume na huenda hakuusoma muhtasari wangu, "mimi sipingi jina la kwenu. Nilichokiogopa ni mtoto wa huku kuja kumtafuta tafi na asimwone."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu mimi sikuwa nimemfikiria mtoto yeyote. Nilikuwa nimemfikiria baba yangu.

Tulianza upya, pamoja. Kwanza tulikubaliana juu ya jina la kisayansi ili tujue kwamba tunamzungumzia samaki mmoja: *Siganus sutor*, aliyeelezwa na mwanazuolojia Mfaransa Valenciennes mwaka 1835, anayeishi magharibi mwa Bahari ya Hindi. Kisha majina yote matatu yakaingia katika sentensi ya kwanza, na kurasa za kuelekeza zikatengenezwa, ili anayetafuta tafi au chafi afike palepale. Kichwa kilibaki "Tasi", kwa hoja moja tu, kwamba ndilo jina nililoanza nalo na hakukuwa na sababu ya kulihamisha. Mhariri wa Mombasa ndiye aliyependekeza hivyo, si mimi.

Kisha tukaipitia makala sentensi kwa sentensi, na hapo ndipo nilipoona ni kiasi gani cha ujuzi wangu kilikuwa ni hisia. Nilikuwa nimeandika kwamba samaki huyu ana "miiba mingi". Tulihesabu kwa kutumia kitabu cha utambuzi wa samaki: 13 katika pezi la mgongoni, 7 katika pezi la nyuma chini, na 4 katika mapezi ya tumboni, jumla 24. Nilikuwa nimewasafisha samaki hao tangu nikiwa na miaka minane, na sikuwahi kuihesabu miiba iliyonichoma. Habari za chakula chake tulizipatia vyanzo katika majarida ya sayansi ya bahari, na nikajua kwa mara ya kwanza kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi ya sayansi za bahari iliyoko Zanzibar, na kwamba watafiti wa Kenya na Tanzania wamemwandikia samaki wa baba yangu kurasa nyingi, karibu zote kwa Kiingereza. Sentensi kuhusu bamvua na maji mafu tuliiondoa, kwa kuwa hatukupata maandishi yanayoihusu jamii hii ya tasi. Niliiondoa kwa mkono wangu. Iliniuma, kwa sababu hiyo ndiyo sentensi iliyokuwa na sauti ya baba, na mwenzangu alilielewa hilo bila kuelezwa, maana chini yake aliandika: "Tuiweke hapa kwenye majadiliano, isipotee, mpaka siku tutakapopata pa kuishikia." Bado iko pale.

Tulikosa picha. Niliyokuwa nimeipandisha mwanzoni nilikuwa nimeitoa mtandaoni, nayo ilifutwa kwa sababu ya hakimiliki; mhariri mwingine alinieleza kwa uvumilivu kwamba picha kuonekana kwenye intaneti si ruhusa ya kuichukua, na kwamba maandishi na picha tunazoziweka huachiwa watu wengine wazitumie, kwa hiyo haiwezekani kuachia kitu kisicho chako. Basi nilidamka siku moja nikaenda soko la samaki la Feri, nikamwomba muuzaji mmoja ruhusa, nikampiga tasi picha juu ya meza ya saruji, na kando yake nikaweka rula ya ofisini.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilikuwa nimeiva. Haikuwa hivyo. Miezi kadhaa baadaye, nikiwa sasa mtu wa kupitia mabadiliko ya karibuni kila jioni, niliona mgeni asiye na historia yoyote amebadilisha makala inayohusu Kolwezi, akafuta maneno "Mkoa wa Katanga" na kuandika "Lualaba", bila chanzo na kwa Kiswahili ambacho hakikufanana na changu. Nilirejesha toleo la awali na kumwachia onyo la kawaida. Kesho yake alinijibu kwa adabu kubwa kwamba yeye ni mwenyeji wa huko, kwamba mwaka 2015 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iligawa upya mikoa yake kutoka 11 kuwa 26, na kwamba Katanga ya zamani sasa ni minne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Kolwezi ni makao makuu ya Lualaba. Makala yetu ilikuwa imepitwa na wakati, na mimi nilikuwa nimeilinda dhidi ya mtu pekee aliyekuja kuisahihisha.

Nilimwomba radhi hadharani, palepale nilipomwonya. Nilichokosea hakikuwa kutojua mgawanyo wa mikoa ya Kongo. Mtu hawezi kujua kila kitu. Nilikosea kwa sababu nilimpima kwa Kiswahili chake na ugeni wake, na sikutumia hata dakika tano kutafuta kama alichosema ni kweli, ilhali mimi mwenyewe nilipokuwa mgeni nilikutana na mtu aliyeniambia karibu sana kabla ya kuniambia jambo lingine lolote. Ndugu yule wa Kongo aliendelea kuandika, na alitufaa sana katika kurekebisha makala za miji ya kwao. Najiuliza ni wageni wangapi walioonywa namna ile wakaondoka kimya.

Kuhusu lugha nimefunzwa mengi, na yote siwezi kuyasimulia. Nitaje moja. Nilipokuwa nikitafsiri makala fupi kuhusu sayari, nilitumia majina niliyoyakariri shuleni kutoka kitabu kimoja: Zebaki, Sumbula, Sarateni, Kausi. Mhariri mmoja mwenye mapenzi na nyota alinisimamisha. Alieleza kwamba zebaki ni ile metali ya majimaji iliyokuwa ikitiwa katika vipimajoto, na sayari ile kwa desturi ya pwani ni Utaridi. Kwamba Sumbula kwa Kiarabu ni shuke, Saratani ni kaa, na Kausi ni upinde, nayo yote ni majina ya makundi ya nyota katika falaki, si ya sayari. Na kwamba mabaharia na wanafalaki wa pwani walikwisha kuwa na Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali kabla ya mtu yeyote kufikiria kuwatungia. Kuna msemo wa wakulima niliousikia tangu utotoni, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua", na sikuwa nimejua kwamba Kilimia ni kundi la nyota ninaloweza kulitazama kwa macho yangu. Tangu siku ile, kabla ya kuunda neno jipya au kuazima, nauliza kwanza kama waliotutangulia hawakuwa nalo.

Swali hilo limekuwa la lazima zaidi sasa ambapo tafsiri za kompyuta zinaingia kwa wingi. Nimekutana na makala iliyosema kwamba mji fulani uko kwenye benki ya kushoto ya mto. Programu haikujua kwamba mto una ukingo. Aliyeibandika hakusoma alichokibandika, na kazi ya kuisafisha ilimchukua mwenzetu mmoja jioni nzima, muda ambao angeweza kuandika makala yake mwenyewe. Jambo hili linanihuzunisha, kwa kuwa msomaji akikuta ukurasa mmoja wa namna hiyo hatarudi, na ataamini kwamba Kiswahili chenyewe ndicho kisichoweza.

Agosti 2025, Wikimania, mkutano wa kila mwaka wa wahariri ambao ulianzia Frankfurt mwaka 2005, ulifanyika Nairobi. Nilichukua likizo, nikapanda basi la kupitia Namanga. Kwa mara ya kwanza niliona nyuso za watu ambao nilikuwa nikiwajua kwa sentensi zao, na nilishangaa kuona kwamba naweza kuwatambua baadhi yao kwa jinsi wanavyozungumza: yule anayeuliza maswali matatu anauliza matatu hata anapoagiza chai.

Mhariri wa Mombasa alinitafuta siku ya pili. Nilikuwa namtazamia mwanamume wa umri wangu. Aliyesimama mbele yangu alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, amejitanda mtandio, ameshika mfuko wa vitabu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akacheka aliponiona ninavyomtazama. Miaka yote ile mimi nami nilikuwa nikimwandikia "kaka", na yeye, ambaye hakuwahi kuniachia hata nukta iliyokosea mahali, hakuwahi kunisahihisha hilo. Nilimwuliza kwa nini.

"Mwanangu," aliniambia, "lilikuwa halihusu makala."

Mkutano ulipokwisha sikurudi kwa njia ya Namanga. Nilifuatana naye kwa treni hadi Mombasa, ili nishukie nyumbani Tanga kupitia Lungalunga na Horohoro. Asubuhi yake alinipeleka ufukweni kwa mvuvi mmoja wanayejuana, aliyekuwa amepanga malema yake mchangani yakauke. Yalikuwa yamesukwa kwa fito zilizopasuliwa, matundu ya pembe sita, mdomo umeingia ndani kama faneli, sawasawa na madema aliyokuwa akiyasuka baba uani kwetu. Nilimweleza yule mvuvi kwamba sisi kwetu ni dema. Akasema anajua, babu yake alikuwa akivua mpaka Moa, upande wa Tanzania, na huko aliyasikia hayo.

Mwalimu alinitazama. "Umemsikia?" aliniuliza. "Na hilo nalo hatuna chanzo."

Nilipiga picha sita, kwa ruhusa ya mwenyewe, na usiku ule tukakaa sebuleni kwake na kompyuta moja kati yetu, tukaanza makala kuhusu mtego ule. Tulibishana juu ya kichwa kwa karibu saa nzima, safari hii ana kwa ana, yeye akilitetea dema na mimi nikilitetea lema. Makala bado ni mbegu: ina aya tatu, picha mbili na tanbihi nne, na katika ukurasa wake wa majadiliano mtu wa Pemba ameshauliza swali ambalo sisi wawili hatujaweza kulijibu.